Rauta ya Wi-Fi ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapotaka kununua rauta, au anapochoshwa na ile aliyonayo. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo yanayomkuta mmoja mmoja. Ukiwa na haraka, anza na swali la 3 na la 11. Hayo mawili yatakuonyesha kama kuna haja ya kutoa fedha hata kidogo.

## Kabla hujanunua

1. Rauta na modemu ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingi huwekwa ndani ya boksi moja. Modemu ndiyo inayowasiliana na kampuni ya intaneti. Inapokea kinachokuja kwa waya wa simu, kwa kebo ya televisheni au kutoka mnara wa simu, na kukigeuza kiwe data ambayo kompyuta inaielewa. Kwenye faiba kazi hiyo hufanywa na kisanduku kidogo kiitwacho ONT. Rauta inaipokea laini hiyo moja na kuigawa kwa vifaa vyote vya nyumbani, kila kimoja kikipewa anwani yake. Wi-Fi ni njia mojawapo ya kugawa, na kebo ni nyingine.

Tofauti hii ni muhimu siku ya kununua. Ukinunua rauta isiyo na modemu, lazima iwepo modemu au ONT ya kuiunganisha nayo. Waulize kampuni yako intaneti inaingia nyumbani kwa njia gani, ndipo uende dukani.

2. Rauta niliyopewa na kampuni ya intaneti inatosha, au ninunue yangu?

Kwa nyumba ndogo yenye watu wachache, mara nyingi inatosha. Kuna sababu nne za kweli za kuibadilisha: haina masafa ya 5 GHz (swali la 7), matundu yake ya kebo yanaishia megabiti 100 kwa sekunde ilhali umelipia zaidi ya hapo, haipati tena masasisho ya usalama, au kampuni imefunga mipangilio unayoihitaji. Nje ya hizo, jaribu kwanza kuihamisha mahali pengine.

Ukiamua kununua, iulize kampuni kama kifaa chao kinaweza kuwekwa kwenye hali ya daraja, yaani kibaki modemu tupu na kazi ya rauta ifanywe na yako. Usipofanya hivyo utajikuta na rauta mbili zinazofuatana, jambo lililoelezwa kwenye swali la 26.

3. Intaneti iko taratibu. Nikinunua rauta mpya itaenda kasi?

Huenda, lakini usinunue kabla ya kupima. Rauta haiwezi kukupa kasi kubwa kuliko ile inayoingia nyumbani, na watu wengi hubadilisha rauta kumbe tatizo lilikuwa kwenye laini yenyewe au kwenye ukuta.

Pima mara tatu kwa tovuti yoyote ya kupima kasi, huku wengine nyumbani wakiwa hawatumii intaneti. Kwanza, chomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo. Pili, tumia Wi-Fi ukiwa mita mbili au tatu kutoka kwenye rauta. Tatu, nenda kwenye kile chumba chenye matatizo na upime tena. Andika namba zote.

Kama kwa kebo kasi iko chini sana ya uliyolipia, tatizo ni la kampuni, la modemu, au la kebo na tundu ulilotumia (angalia swali la 8). Rauta mpya ya Wi-Fi haitatibu hilo. Kama kwa kebo ni nzuri lakini kwa Wi-Fi ya karibu ni mbaya, chunguza mipangilio ya masafa na chaneli (swali la 7 na la 17), kisha umri wa rauta na wa simu yenyewe. Kama karibu ni nzuri na chumbani ni mbaya, shida ni umbali na kuta, nawe nenda moja kwa moja swali la 11.

Rudia kipimo cha kebo usiku, saa ambazo watu wengi wako mtandaoni. Kasi ikishuka saa hizo tu, msongamano uko kwa kampuni. Namba ulizoandika ndizo za kuwaonyesha unapolalamika. Anayelalamika akiwa na vipimo hawamfukuzi kwa kumwambia azime na kuwasha tu.

4. Nimelipia 100, mbona nikipakua faili naona 12?

Kampuni zinauza kwa megabiti, kompyuta inaonyesha kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Hujapunjwa.

## Maandishi yaliyo kwenye boksi

5. Wi-Fi 4, 5, 6, 7: nichague ipi?

Hizo ni namba za vizazi, zilizoanza kutumika mwaka 2018 ili kuwaepusha watu na majina kama 802.11ac. Wi-Fi 4 ni kiwango cha mwaka 2009, Wi-Fi 5 ni cha 2013, Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa rasmi 2019, na Wi-Fi 7 Januari 2024.

Kwa nyumba nyingi Wi-Fi 6 ndiyo chaguo la busara. Ubora wake mkubwa si kasi ya kifaa kimoja bali ni namna inavyohudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja, na nyumba ya sasa ina simu, televisheni, kompyuta na kamera vyote vikidai nafasi. Wi-Fi 7 ni nzuri kama laini yako ni ya kasi kubwa sana na una vifaa vinavyoijua. Simu ya Wi-Fi 5 itaungana na rauta ya Wi-Fi 7 bila shida, ila itabaki na kasi ya Wi-Fi 5.

Rauta iliyoishia Wi-Fi 4 usiinunue mpya, hata ikiwa rahisi kiasi gani.

6. AC1200 au AX3000 maana yake nini?

Herufi zinataja kizazi: AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. Namba ni jumla ya kasi za juu kabisa za masafa yote, kwa nadharia. AC1200 ni megabiti 300 za 2.4 GHz ukijumlisha na 867 za 5 GHz, kisha wakakadiria kwenda juu. AX3000 ni 574 na 2402. Kifaa chako kimoja hutumia masafa mamoja kwa wakati, kwa hiyo jumla hiyo hakuna simu itakayoiona. Na hata hiyo sehemu yake hupungua sana, kwa sababu hewa inagawanywa na kila mtu na sehemu kubwa ya muda inatumika kwa mazungumzo ya vifaa vyenyewe. Ukipata nusu ya kasi iliyoandikwa kwa masafa hayo ukiwa karibu, rauta inafanya kazi vizuri.

7. 2.4 GHz na 5 GHz zinatofautianaje?

Mawimbi ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yana msongamano: Bluetooth iko hapo, oveni ya maikrowevu inavuruga hapo, na majirani wote wako hapo. 5 GHz ina nafasi pana na kasi kubwa, ila ukuta wa zege huidhoofisha haraka. Ipo pia 6 GHz, kwa vifaa vya Wi-Fi 6E na 7 na katika nchi zilizoiruhusu. Ina nafasi kubwa zaidi, ila inapenya kuta kwa shida kuliko hata 5 GHz.

Rauta yoyote utakayonunua iwe na 2.4 na 5 kwa pamoja.

8. Ukiacha Wi-Fi yenyewe, niangalie nini kingine?

Matundu ya kebo. Rauta nyingi za bei ya chini huandikwa kasi kubwa ya Wi-Fi huku tundu linaloingiza intaneti likiishia megabiti 100 kwa sekunde, na hapo kila kitu kinakwama. Tafuta yenye matundu ya gigabiti. Kebo nayo iwe ya Cat5e au zaidi. Hiyo inabeba gigabiti moja hadi mita 100.

La pili ni masasisho. Kabla ya kununua, fungua tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli hiyo, uone mara ya mwisho walitoa programu mpya lini. Modeli ambayo haijaguswa miaka mitatu imeshatelekezwa. Kwangu mimi kigezo hiki kinashinda idadi ya antena, maana rauta ndiyo mlango wa nyumba yako kwenye intaneti.

La tatu ni WPA3, yaani kinga ya kisasa ya kufunga Wi-Fi kwa nenosiri (swali la 18).

9. Antena nyingi zinamaanisha nguvu zaidi?

Si lazima. Nguvu ya kurusha inawekewa kikomo na sheria za nchi, kwa hiyo antena nane haziwezi kuvuka kikomo hicho. Antena za ziada husaidia kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa pamoja, na simu nyingi zina antena mbili tu za kuipokea.

10. Vipi rauta zinazotumia laini ya simu?

Ni suluhisho zuri pale ambapo faiba haijafika. Angalia mambo mawili. Kwanza, rauta ikubali masafa ambayo kampuni yako ya simu inayatumia eneo lako, kwa kuwa 4G au 5G iliyoandikwa kwenye boksi ni familia ya masafa mengi na si rauta zote zinayo yote. Pili, iwe na matundu ya kuchomeka antena ya nje, kama unaishi mbali na mnara.

Uwekaji wake una kanuni yake: rauta ya laini ikae karibu na dirisha linaloelekea mnara, hata kama si katikati ya nyumba. Ukurasa wa mipangilio huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi inayoitwa RSRP. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. -85 ni nzuri, -115 ni dhaifu. Ihamishe kidogo kidogo ukiisoma namba hiyo.

## Mahali pa kuiweka

11. Niiweke wapi?

Katikati ya nyumba, juu, na mahali pa wazi. Mawimbi husambaa pande zote, kwa hiyo rauta iliyo kwenye kona ya nje inampelekea jirani nusu ya kazi yake. Juu ya kabati ni bora kuliko sakafuni, na nje ya kabati ni bora kuliko ndani yake.

Adui mkubwa ni chuma na maji. Usiiweke nyuma ya televisheni, kando ya jokofu, karibu na kioo kikubwa cha kujitazamia (kina utando wa metali kwa nyuma) wala nyuma ya tangi la samaki. Ukuta wa zege wenye nondo unapunguza mawimbi sana. Wa mbao au jasi haupunguzi sana. Chora akilini mstari mnyoofu kutoka kwenye rauta hadi pale unapokaa na simu, uhesabu kuta unazozikata. Mstari unaopita ukuta kwa mshazari unapita kwenye zege nene zaidi kuliko unaoukata moja kwa moja, na ndiyo maana kusogeza rauta mita moja tu kunaweza kubadilisha hali ya chumba kizima.

Kinachowafunga watu ni kwamba fundi aliiacha pale waya ulipoingilia. Lakini modemu au ONT inaweza kubaki palepale, na rauta ikasogezwa kwa kebo ndefu hadi sebuleni. Kebo ya mita 15 ni rahisi kuliko rauta yoyote mpya.

12. Antena zielekezwe wapi?

Antena ya kijiti hurusha mawimbi kuizunguka ubavuni, na machache sana kupitia nchani. Kwa nyumba ya chini, zisimamishe wima. Kwa nyumba ya ghorofa, laza moja ili ihudumie juu na chini.

13. Chumba cha mwisho hakipati kitu. Ripita, meshi au kebo?

Kebo, ukiweza kuivuta. Peleka kebo hadi kule na uweke kituo kingine cha Wi-Fi mwishoni. Hata rauta ya zamani inafaa (swali la 30). Hakuna kinacholingana na hilo kwa uthabiti.

Kama haiwezekani, meshi ndiyo ya pili. Ni vituo viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, nawe unatembea nyumbani na simu inahama yenyewe. Zile zenye masafa ya tatu yaliyotengwa kwa mawasiliano ya vituo hazipotezi kasi sana.

Ripita ni ya mwisho. Ya kawaida inasikia na kurudia kwenye chaneli ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kosa linalorudiwa sana ni kuiweka ndani ya chumba chenyewe kisicho na mawimbi: haina cha kurudia! Iweke katikati ya safari, pale ambapo Wi-Fi bado ni nzuri. Kipimo kizuri ni programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, kwa kipimo cha dBm. Ukiona -65 au karibu na hapo, panafaa. Ikifika -75, umeenda mbali mno.

Kuna pia adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumba. Matokeo yake hutegemea nyaya zenyewe, kwa hiyo nunua mahali wanapokubali kurudishiwa.

## Kuifunga mara ya kwanza

14. Nianzie wapi baada ya kufungua boksi?

Zima modemu. Chomeka kebo kutoka modemu hadi kwenye tundu la rauta lenye rangi tofauti au lililoandikwa WAN au Internet. Washa modemu, subiri taa zake zitulie, ndipo uwashe rauta. Mpangilio huu una maana, kwa sababu modemu nyingi hukumbuka kifaa cha kwanza kilichochomekwa na hukikataa kipya mpaka zizimwe.

Kisha unganisha kompyuta kwa kebo, au simu kwa jina na nenosiri lililoandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko hicho. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Watengenezaji wengi pia wana programu ya simu inayokuongoza.

Ukishaingia, badilisha kwanza nenosiri la msimamizi. Halafu chagua aina ya muunganisho (swali la 16), hakikisha intaneti inapatikana, na usasishe programu ya rauta kabla ya kuendelea na lolote, kwa kuwa imekaa dukani muda usiojulikana. Mwisho weka jina la mtandao na nenosiri la Wi-Fi. Kama nenosiri lako la zamani lilikuwa imara, tumia jina lilelile na nenosiri lilelile: vifaa vyote vitajiunga vyenyewe, nawe umeepuka kuzungukia kila televisheni na kamera. Jina lisitaje familia yako wala namba ya nyumba.

15. Ukurasa wa mipangilio haufunguki.

Zima data ya simu, kwa sababu simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye laini bila kukuambia. Andika anwani kwenye sehemu ya anwani, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Bado? Angalia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu au kompyuta anwani inayotajwa kuwa ya rauta au lango. Hiyo ndiyo sahihi, hata kama kibandiko kinasema vingine. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, na umeandika anwani hiyo mwenyewe ukiwa nyumbani, unaweza kuendelea; rauta hujitengenezea cheti chake, na kivinjari hakikijui.

16. Inaniuliza PPPoE, anwani inayobadilika au ya kudumu. Nijibu nini?

Jibu analo mtoa huduma wako peke yake. Anwani inayobadilika, inayoandikwa DHCP, haidai chochote. PPPoE inadai jina la mtumiaji na nenosiri. Waombe kampuni kabla hujaiondoa rauta ya zamani, kwa maana bila hayo utakaa gizani. Baadhi ya kampuni za faiba hudai pia namba ya VLAN. Wakikwambia hakuna namba hiyo, acha palivyo.

17. 2.4 na 5 ziwe na jina moja au mawili?

Jina moja ni rahisi, na rauta za sasa huhamisha vifaa vizuri. Tenganisha majina kama simu inang'ang'ania 2.4 ukiwa karibu na rauta, au una vifaa vya aina iliyotajwa swali la 25.

Kuhusu chaneli, yaani vipande ambavyo masafa yamegawanywa, kwa 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11, na upana wa 20 MHz. Hizo tatu hazigongani. Ukijiweka kwenye 3 unasumbuana na majirani wa 1 na wa 6 pia. Kwa 5 GHz upana wa 80 MHz unafaa wengi. Usishangae kama Wi-Fi ya 5 GHz inachelewa kuonekana dakika moja au zaidi baada ya kuwasha: baadhi ya chaneli zake hutumiwa na rada za hali ya hewa, na rauta inalazimika kusikiliza kwanza kabla ya kurusha.

## Usalama

18. WPA2 au WPA3?

Hizi ni njia za kufunga Wi-Fi kwa nenosiri. Chagua WPA3, iliyotoka 2018, kama vifaa vyako vinaikubali. La sivyo chagua hali ya mchanganyiko ya WPA2 na WPA3. WPA2 yenye AES (aina ya usimbaji inayoonekana kwenye orodha ya mipangilio) bado inafaa ikiwa nenosiri ni imara na vifaa vimesasishwa. WEP, njia ya zamani zaidi, ilivunjwa tangu 2001. Kifaa kinachojua WEP pekee hakipaswi kuwa kwenye mtandao wako.

19. Nenosiri liwe la namna gani?

Refu. Kikomo ni herufi 8 hadi 63, na maneno manne au matano yasiyohusiana ni imara kuliko neno fupi lililopambwa alama. Pia ni rahisi kumtajia mgeni.

Kumbuka ni manenosiri mawili: la kujiunga na Wi-Fi na la kuingia kwenye mipangilio. La pili ndilo linalosahaulika kubadilishwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliingia kwenye kamera na rauta kwa wingi kwa kujaribu tu orodha ya manenosiri ya kiwandani. Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyosaidia vivinjari kupata anwani za tovuti, na tovuti kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hawakujua lolote.

Zima pia usimamizi wa mbali, unaoruhusu ukurasa wa rauta kufunguliwa kutoka nje ya nyumba.

20. WPS niiache?

WPS ni njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au kwa namba badala ya nenosiri. Izime, hasa ile ya namba. Namba yake ina tarakimu nane, lakini ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, na rauta huthibitisha nusu moja kwanza kisha nyingine. Kwa hiyo mshambuliaji anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Udhaifu huu ulitangazwa 2011, na hata nenosiri refu halikukingi nao.

21. Nikificha jina la mtandao niko salama zaidi?

Hapana. Mtu mwenye zana za kawaida huliona vilevile, na simu yako itakuwa ikiliita jina hilo kila uendako ikilitafuta. Liache wazi.

22. Nitajuaje kama mtu anaiba Wi-Fi yangu?

Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye mipangilio. Usitishwe na majina ya ajabu: simu za sasa hutumia anwani za kubuni ili zisifuatiliwe, na televisheni nyingi hujiita kwa namba. Zima vifaa vyako kimoja kimoja uone kinachobaki. Ukiwa na shaka, badilisha nenosiri. Kila mtu atatolewa na atarudi uliyempa jipya. Wageni na vifaa kama balbu na kamera viweke kwenye mtandao wa wageni, ambao hauoni kompyuta zako.

## Mambo yanapogoma

23. Simu imeungana na Wi-Fi lakini hakuna intaneti.

Jaribu kifaa kingine. Kama ni kimoja tu kinachogoma, kisahaulishe mtandao na ukiunganishe upya. Kama ni vyote, angalia taa za modemu au ONT; taa nyekundu yenye jina LOS kwenye ONT inamaanisha mwanga wa faiba haufiki, na hilo ni la kampuni. Taa zikiwa sawa, zima modemu na rauta, washa modemu kwanza. Ikiwa tovuti zinagoma lakini mawasiliano mengine yanapita, badilisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) kwenye rauta iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

24. Mtu mmoja akipandisha video, wengine wote simu za video zinakatika. Kwa nini, na kasi ninayo?

Hili ndilo tatizo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kasi ya kupakia ikijaa, modemu au rauta hupanga data kwenye foleni ndefu badala ya kuikataa, na vipande vidogo vya mazungumzo yako husubiri nyuma ya video nzima, kama mwenye mkate mmoja aliyekwama nyuma ya mwenye toroli lililojaa. Kasi haijapungua, muda wa kusubiri ndio umepanda, kutoka milisekunde 20 pengine hadi mia kadhaa.

Ithibitishe: pima ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi, wakati nyumba imetulia, kisha pima tena huku unapakia faili kubwa. Ikipanda sana, washa kwenye rauta kipengele cha kusimamia foleni, kinachoandikwa SQM au QoS, na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa kebo, kupakua na kupakia. Ndiyo, unajinyima kidogo kwa makusudi, ili foleni ijengeke kwenye rauta yako inayojua kuwapa nafasi wenye mizigo midogo, isijengeke kwenye modemu isiyojua. Ikiwa rauta ina chaguo la fq_codel au CAKE, chagua mojawapo. Kwa nyumba yenye watu wanaofanya kazi au kusoma kwa video, mpangilio huu unasaidia kuliko kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

25. Balbu au kamera yangu haioni Wi-Fi.

Vifaa vingi vya aina hiyo vinajua 2.4 GHz tu, na vingine havijui WPA3. Zima 5 GHz kwa muda au tenganisha majina, tumia WPA2 kwenye mtandao wa wageni, kiunganishe, kisha rudisha 5 GHz.

26. Nina rauta mbili zinazofuatana. Kuna ubaya?

Kutazama na kusoma mtandaoni utaendelea kama kawaida. Shida huja kwenye michezo, baadhi ya simu za intaneti, na kuona kamera ukiwa nje, kwa sababu anwani zinatafsiriwa mara mbili. Weka ya kampuni kwenye hali ya daraja, au ya kwako iwe kituo cha Wi-Fi tu.

27. Nikiwa nje siwezi kufungua kamera za nyumbani, ingawa nimefungua milango (port) kwenye rauta.

Linganisha anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye rauta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuuliza anwani yako. Zikitofautiana, na hasa ya rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kufungua milango hakutasaidia. Omba anwani ya umma, tumia IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti) kama ipo, au VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) inayoanzia ndani ya nyumba kwenda nje.

28. Umeme ukikatika nifanyeje niendelee?

Tafuta betri ndogo ya rauta inayotoa umeme wa DC. Volti zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye adapta ya rauta, mara nyingi 9 au 12. Ampea ziwe sawa au zaidi. Na mwelekeo wa chanya na hasi kwenye plagi uwe uleule. Usisahau ONT au modemu, nayo inahitaji umeme wake.

29. Nimesahau nenosiri la mipangilio.

Bonyeza kitufe cha kuweka upya kwa pini kama sekunde 10 huku rauta imewashwa. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na unaanza swali la 14. Kama unatumia PPPoE, hakikisha una jina na nenosiri lake kabla ya kubonyeza.

30. Rauta ya zamani niifanyie nini?

Igeuze kituo cha Wi-Fi. Ikiwa ina hali ya kituo tayari, ichague. Kama haina, ipe anwani tofauti na ya rauta kuu lakini ya familia ileile, kwa mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), na uchomeke kebo ya kutoka rauta kuu kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN. Ipe jina na nenosiri la Wi-Fi vilevile, chaneli tofauti.

Ukiamua kumpa mtu au kuiuza, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu ndani yake kuna nenosiri la Wi-Fi yako na pengine lile la kampuni.